Haki Haikomei Kwenye Mto Ruvuma

Watu wengi hudhani kwamba siasa ya nchi za nje ni kazi ya mabalozi na mawaziri, ifanywayo katika miji ya mbali, kwa lugha ambayo mkulima na mfanyakazi hawahusiki nayo. Sisi hatukubali. Mtu akitaka kupima thamani ya siasa ya nje ya Tanzania asianzie New York wala Geneva. Na aende Ndanda, chini ya ukingo wa nyanda za Makonde, kisha apande mpaka Newala na kulitazama bonde la Ruvuma. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Wamakonde wako huku na wako kule. Hali kadhalika Wayao na Wamakua. Jando lao ni moja, na makaburi ya wazee wao yako pande zote mbili. Mpaka huo walipatana Wajerumani na Wareno mwaka 1886, wala hakuna mwenyeji hata mmoja aliyeulizwa.

Katika sehemu hii ya nchi neno "haki za binadamu" si neno geni lililoletwa na vitabu. Limefika hapa kwa miguu, likiwa na njaa na kiu, na wenyeji wakalazimika kulijibu.

Tukumbuke kwanza habari za Masasi. Mwezi wa Juni mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kulifunga soko la watumwa la Unguja. Mkataba huo haukutoka katika huruma tupu. Waingereza walitishia kukizingira kisiwa kwa manowari, na walikuwa na faida zao za biashara katika bahari hii. Hata hivyo kwa mtu aliyefungwa minyororo, mkataba ule ulikuwa mlango. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Unguja kuelekea bara. Wengi wao walitekwa katika nchi za upande wa Ziwa Nyasa, na nia ilikuwa warudi huko. Safari yao ikaishia Masasi. Wakapewa mahali, wakajenga, wakalima. Mwaka 1882 kijiji chao kilivamiwa, watu wakauawa na wengine wakatekwa tena.

Somo la habari hiyo ni wazi. Mkataba hauna miguu wala mikono. Wakubwa huweza kuutia sahihi baharini, lakini hauna maana mpaka apatikane mtu wa bara wa kumwambia mgeni, "Karibu, hapa pana ardhi." Tena kumkaribisha mgeni hakutoshi pasipo ulinzi. Haki na usalama ni watoto wa mama mmoja.

Somo la pili lilikuja katika zama zetu. Chini ya utawala wa Kireno watu wa Msumbiji walilazimishwa kulima pamba na kufanya kazi za shokoa, na maelfu wakavuka Ruvuma kutafuta ujira katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Huko walijifunza chama ni nini na umoja ni nini. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika Mueda, ng'ambo ya Newala, kudai uhuru mbele ya wakubwa wa Kireno. Wasemaji wao walitoka Tanganyika. Jibu walilopewa lilikuwa kukamatwa kwa wasemaji hao, kisha risasi. Idadi ya waliokufa ingali ikibishaniwa: FRELIMO ilitaja mamia, kumbukumbu za Wareno zikataja wachache. Lakini hakuna abishaye kwamba watu wasio na silaha walipigwa risasi kwa kosa la kusema.

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kusema, "Hayo ni mambo ya ndani ya Ureno." Ureno yenyewe ilisema hivyo hivyo katika Umoja wa Mataifa, ikidai kwamba Msumbiji ni mkoa wake na si koloni. Njia ya pili ilikuwa kusema kwamba utu wa mtu hauwi jambo la ndani la mwingine. Nchi yetu, changa na maskini, ilichagua njia ya pili. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 chini ya Dkt. Eduardo Mondlane. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliiweka Kamati yake ya Ukombozi katika mji huo huo. Vita vya ukombozi vilianza tarehe 25 Septemba 1964, na Nachingwea, jirani ya Masasi, ikawa kambi ya kuwafunza wapiganaji.

Wareno walipolipiza kisasi vijijini, watu walivuka mto kwa maelfu. Walipokelewa kwanza na wakulima wa Newala na Masasi, ambao wenyewe hawakuwa na akiba. Kisha Serikali ikawafungulia makazi, mojawapo likiwa Rutamba katika Lindi, mwaka 1965. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Rutamba methali hiyo ikawa siasa ya Serikali: wakimbizi walipewa ardhi walime, wala hawakuwekwa wakae wakingoja sadaka.

Tusidanganyane kwamba msimamo ule ulikuwa wa bure. Wilaya za mpakani ziliishi kwa hofu ya Wareno. Tarehe 3 Februari 1969 Dkt. Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Mwaka 1965 nchi yetu ilipoteza misaada ya Ujerumani ya Magharibi kwa kukataa kuchaguliwa marafiki. Desemba mwaka huo huo ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa paundi milioni 7 na nusu ukatuponyoka. Fedha hizo zingejenga shule na barabara. Lakini taifa liuzalo neno lake kwa mkopo, kesho litauza nini?

Kulikuwa na jambo gumu zaidi ya fedha. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1963 ulikataza nchi moja kuingilia mambo ya ndani ya nyingine. Kanuni hiyo ilikuwa ngao ya mataifa machanga. Lakini ngao ile ile madikteta wakaifanya pazia. Tanzania iligongana nayo mara mbili. Tarehe 13 Aprili 1968 iliitambua Biafra, ikisema kwamba umoja wa nchi hauwezi kujengwa juu ya mauaji ya watu wake. Tena mwaka 1978 Idi Amin alipoivamia Kagera, majeshi yetu yalimfukuza, kisha yakaendelea hadi Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Katika mkutano wa Monrovia mwaka huo wapo viongozi wa Afrika waliotulaumu sisi, hali kwa miaka minane walikuwa wamenyamaza Waganda wakichinjwa.

Waziri wetu wa Mambo ya Nchi za Nje wakati huo alikuwa Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, aliyepata sehemu ya elimu yake Ndanda. Kijana huyo wa mpakani alipata kuwa mhariri wa magazeti ya Chama kabla ya kuwa waziri, na hatimaye Rais kuanzia mwaka 1995 hadi 2005. Alipostaafu alitumwa kupatanisha Kenya mwaka 2008 pamoja na Kofi Annan na Graça Machel, na baadaye Burundi. Alifariki Julai 2020 akazikwa kwao Lupaso. Lakini Desemba 1996, chini ya uongozi wake, Serikali yetu iliwaamuru wakimbizi wa Rwanda, mamia ya maelfu, warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, na askari wakasimamia kuondoka kwao. Twalitaja hili kwa kuwa sifa njema ya taifa isiyovumilia kupimwa si sifa bali ni mapambo.

Kwa kipimo hicho hicho twapaswa kuitazama hata Nachingwea yenyewe. Mei 1975, wiki chache kabla ya uhuru wa Msumbiji, Uria Simango, aliyepata kuwa Makamu wa Rais wa FRELIMO, alisimamishwa kambini hapo akalazimishwa kusoma ungamo mbele ya umati. Baadaye aliuawa katika Msumbiji huru pasipo kuhukumiwa na mahakama yoyote. Uhuru wa watu wote ulikuwa umepatikana. Haki ya mtu mmoja ikapotea. Ndiyo sababu Waafrika walipoandika Mkataba wao mwaka 1981 waliuita wa Haki za Binadamu na za Watu, wakaziunganisha zote mbili katika jina moja. Mahakama ya mkataba huo imewekwa Arusha, katika ardhi yetu. Hata hivyo Novemba 2019 Serikali yetu iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi na jumuiya zisizo za kiserikali kuishtaki moja kwa moja mahakamani humo. Mwenye nyumba aliyewakaribisha mahakimu sebuleni amemfungia mwanawe mlango wa kuwafikia. Twaona kwamba mlango huo wafaa kufunguliwa tena.

Sasa tuje kwenye mto. Oktoba 2017 wenye silaha waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia katika jimbo la Cabo Delgado, na tangu hapo mamia ya maelfu wameyakimbia makazi yao. Miongoni mwao wamo Wamakonde na Wamwani, ambao Kiswahili chetu wanakifahamu. Oktoba 2020 wavamizi walivuka mto wakaishambulia Kitaya, katika Mkoa wa Mtwara, wakaua raia na kuchoma nyumba. Askari wetu walikwenda Msumbiji pamoja na majeshi ya nchi za Kusini mwa Afrika mwaka 2021, na wapo waliotoa maisha yao huko. Lakini mwaka huo huo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza kwamba watu zaidi ya 9,000 waliokimbilia kwetu walirudishwa kwa nguvu kupitia Negomano. Negomano ndiko liliko Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010 kuziunganisha Mtambaswala na ng'ambo. Daraja lenye jina hilo halikujengwa kwa kazi hiyo.

Wapo watakaotujibu kwamba muuaji aweza kujificha kati ya wakimbizi, na kwamba damu ya Kitaya haijakauka. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana mtu wa Newala ana haki ya kulala salama kama mtu mwingine yeyote. Lakini jibu lake liliandikwa zamani na Waafrika wenyewe, katika Mkataba wa Wakimbizi uliopitishwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969. Mkataba huo wakataza kumfukuza mpakani mtu ambaye maisha yake yamo hatarini. Papo hapo wamnyima hifadhi aliyetenda makosa ya vita, wamkataza mkimbizi kufanya hila dhidi ya nchi yoyote, na wataka wakimbizi wakae mbali na mpaka kwa ajili ya usalama. Tena wasema kwamba kumpokea mkimbizi ni tendo la amani, ambalo nchi atokako haipaswi kuliona kuwa ni uadui. Basi mtu achunguzwe, asikilizwe, apelekwe mbali na mto. Hivyo ndivyo tulivyofanya Rutamba, wakati adui wetu alikuwa dola nzima yenye ndege na mizinga. Kama tuliweza wakati ule, tukiwa na barabara za vumbi na hazina tupu, twashindwaje leo?

Julius Nyerere alipewa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa huduma yake kwa wakimbizi. Nishani ile haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya mama wa Newala aliyegawa mhogo wake, na ya kibarua wa mkonge aliyempa ndugu wa ng'ambo nafasi katika kibanda chake. Urithi huo hauwezi kuwekwa kabatini, kwani kila kizazi hudaiwa kuulipia upya.

Kwa hiyo twatoa wito kwa wanachama na wafanyakazi wote. Katika mikutano ya matawi na ya vyama vya wafanyakazi, mambo ya nchi za nje yasiachwe yawe ya wakubwa peke yao. Wabunge wa Mtwara, Lindi na Ruvuma waulizwe nini kinachotendeka vivukoni. Viongozi wa vijiji vya mpakani wafundishwe sheria ya wakimbizi, wapate kumtambua mwenye kukimbia na mwenye kuwinda. Na balozi wetu asimamapo ugenini kuzungumza juu ya utu wa Mwafrika, awe na hakika kwamba mtoto avukaye Ruvuma usiku ule hatarudishwa kwenye moto. Neno la balozi huyo litasikilizwa, maana nyuma yake litakuwa na ushahidi.