Kuchoka, Kukinai, Kukata Tamaa: Utangulizi wa Taaluma ya Ustawi wa Mwalimu

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa darasa la wanafunzi 90. Chuoni tulifunzwa kusahihisha kila daftari kwa makini, nami niliamini. Dakika mbili kwa daftari moja ni saa tatu kamili, na hilo ni zoezi moja la somo moja. Ilipofika Machi nilikuwa naweka vema bila kusoma, kisha usiku najiona mwizi wa mshahara. Ilinichukua miaka kufahamu kwamba hali ile ina jina, ina watafiti wake, na kwamba lawama niliyojibebesha ilikuwa na mwenyewe mwingine.

Taaluma ninayokukaribisha ni changa. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, aliandika kuhusu watu waliojitolea katika zahanati za bure, walioanza kazi kwa moyo mkunjufu na baada ya muda wakawa kama moto uliokwisha kuni. Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliichambua hali hiyo, na mwaka 1981 yeye na Susan Jackson wakatoa dodoso la kuipima ambalo linatumika mpaka leo. Dodoso hilo lina pande tatu: nguvu kuisha, moyo kuwa mgumu kwa wale unaowahudumia, na kuona kwamba kazi yako haizai kitu.

Kwa Kiswahili hali hii tumezoea kuiandika "uchovu wa kazi", nami naona neno hilo halitoshi, maana aliyechoka akilala huamka mzima. Lakini ingia ofisi yoyote ya walimu utayasikia yote matatu. Nimechoka. Nimekinai. Nimekata tamaa. Walimu walikuwa nayo maneno hayo kabla dodoso halijafika.

Nakuomba ulitegee sikio zaidi lile la pili. Mwalimu aliyechoka bado anabishana na mkuu wa shule juu ya ratiba, bado anamkemea mtoto asiyeleta daftari. Aliyekinai hambishii mtu. Anaingia darasani, anaandika ubaoni, anatoka. Watoto kwake wamekuwa idadi tu ya kujaza kwenye mahudhurio. Kwa kuwa hana kelele, shule humhesabu kuwa mtulivu, pengine hata humpa cheti siku ya Mei Mosi.

Chanzo ni nini? Hapa ndipo wageni wengi wa taaluma hii hupotea njia, kwa kudhani tunachunguza udhaifu wa watu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiorodhesha hali hii kama jambo la kikazi, si ugonjwa: inatokana na msongo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Miaka 40 kabla ya hapo, 1979, Robert Karasek alikuwa ameonyesha kwamba kinachoumiza zaidi ni kazi nzito inapokutana na uhuru mdogo wa kuamua. Mfikirie mwalimu wa kijijini. Hakuchagua kituo, hakuchagua idadi ya wanafunzi, mtaala umebadilika na vitabu havijafika, na mwenza wake yuko mkoa mwingine akisubiri uhamisho.

Historia yetu Tanzania nayo imo. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Ada ya shule za msingi ikafutwa kuanzia 2002, Kenya ikafanya hivyo 2003, na Januari 2016 Tanzania ikaondoa ada hadi kidato cha nne. Yote yalikuwa mema, nami siyajutii hata moja. Ila kila mara watoto walifika kwanza, madawati na walimu wakafuata polepole, na pengo lile lilizibwa na mgongo wa mwalimu aliyekuwepo.

Juu ya tiba wataalamu hawakubaliani, nami nina upande wangu. Semina ya kupumua na kutuliza mawazo si mbaya. Ikifanyika Jumamosi, imemnyang'anya mwalimu siku aliyopumulia. Mkuu wa shule ana mengi ya kufanya bila hata senti: kugawa zamu kwa haki, kufuta taarifa inayojazwa mara mbili, kumpa mwalimu mgeni mwenzake wa kumshika mkono muhula wa kwanza, kutomgombeza mtu mbele ya wanafunzi. Lakini hawezi kuajiri, hawezi kujenga nyumba ya mwalimu, wala hawezi kumlipia mtu malimbikizo yake. (Kuhusu mikopo ya riba kubwa iitwayo "kausha damu" sitasema mengi hapa, ila anayetaka kupima msongo wa walimu asipouliza habari za madeni, dodoso lake lina tundu.) Ukimtaka mkuu wa shule atibu yaliyo juu ya uwezo wake, utakuwa umeongeza mgonjwa mwingine.

Karibu, basi. Utakapoanza utafiti wako, usianzie ofisi ya wilaya. Nenda shuleni mapema, ukae ofisi ya walimu mpaka chai ya saa nne, na dodoso lako liache kwenye mkoba siku hiyo ya kwanza.