Je, Wajua? Mzizi Hupiga Hodi Kutokea Ndani

Anza na hii. Mwaka 1937 Howard Dittmer, mtafiti wa Marekani, alichapisha hesabu ya mizizi ya mmea mmoja wa rai, nafaka jamaa ya ngano, uliokaa kwenye boksi kwa miezi minne. Alipata mizizi zaidi ya milioni 13! Iunge ncha kwa ncha, upate kilomita zaidi ya 600: unatoka Nairobi, unafika Mombasa, na mzizi bado unao.

Unadhani tawi la mzizi huchipua juu ya ngozi yake? Wapi! Huanzia ndani kabisa, kandokando ya mishipa inayopandisha maji, likapenya tabaka baada ya tabaka mpaka likagusa udongo. Ng'oa mche wa maharage, uusuuze, utazame: matawi yamejipanga kwa safu, yakifuata mishipa hiyo.

Na halivunji mlango, hupiga hodi. Homoni iitwayo auksini hutangulia kwenye seli zilizo mbele ya tawi, nazo zikalegeza kinachozishikanisha, nyingine zikanywea kabisa ili mgeni apite. Adabu iliyoje!

Auksini hiyohiyo, usicheke, wakemia wa Uholanzi waliitoa mwaka 1934 kwenye mkojo wa binadamu. Mmea wenyewe huitengeneza kwa wingi huko juu, kwenye machipukizi na majani machanga. Kisha inateremka kwenda kuiamuru mizizi.

Chini ya ardhi kuna saa. Katika arabidopsisi, kijimea jamaa ya sukuma wiki kinachopendwa sana maabara, jeni kadhaa karibu na ncha ya mzizi huamka na kulala kila baada ya saa 6 hivi. Kila zikiamka, pametiwa alama ya tawi lijalo.

Kijimea hicho kina jeni zipatazo 25,000. Watafiti wa Japani walikuta mmea ambao jeni yake moja tu, IAA14, ilikuwa na hitilafu. Matawi ya mizizi? Hata moja!

Mzizi ukipita penye maji upande huu na hewa upande ule, unadhani matawi yatatokea wapi? Upande wa maji. Ncha ikiingia penye uwazi mkavu, homoni nyingine, asidi absisiki, huziba vijitundu vya kupitishana kati ya seli, auksini ikakwama, matawi yakasitishwa. Ncha ikirudi penye unyevu, kazi inaendelea.

Umewahi kunywa dafu? Basi umekunywa saitokinini, homoni inayochangamsha machipukizi lakini huibania mizizi isitoe matawi.

Sasa sogea, hii ni ya wakulima. Mahindi yakikosa fosforasi, mizizi humwaga udongoni homoni ya strigolaktoni. Ndani ya mmea homoni hiyo husaidia kupanga matawi, juu na chini; nje huwaita kuvu marafiki waje na fosforasi. Lakini kuna mdukuzi anayesikiliza: kiduha, gugu ambalo wengine Kenya huliita kayongo. Mbegu yake, ndogo mno, inaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10, na siku ikipata harufu ya homoni hiyo inaamka, inaung'ang'ania mzizi na kuunyonya. Kiduha kimoja huacha mbegu makumi ya maelfu! Ila mtama una ujanja. Aina fulani zimepoteza jeni iitwayo LGS1, kwa hiyo hutoa strigolaktoni ya namna nyingine, na kiduha kinabaki usingizini. Mimi huo mtama naupigia makofi.

Ya mwisho. Kuna bakteria wa jamii ya agrobakteria ambaye huchomeka jeni zake ndani ya mmea, mmea ukaota vichaka vya mizizi. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba walipima sampuli 291 za viazi vitamu vinavyolimwa, na zote 291 zilikuwa na jeni za bakteria wa jamii hiyo, zikiwemo za kutengenezea auksini. Hakuna maabara iliyohusika. Bakteria alijifanyia mwenyewe, kitambo sana. Na kiazi kitamu chenyewe ni mzizi! Kwa hiyo ukimsikia mtu anaapa hatagusa chakula chenye jeni za kupandikizwa, muulize kwanza asubuhi alikunywa chai na nini.