Kupatwa kwa Jua na Tarehe za Wafalme Wetu

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyelijaalia jua na mwezi kwenda kwa hesabu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu msomaji, wapo wazee wa Ihangiro, huko Muleba, na wa Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, wanaoweza kuwataja Abakama wa kale mmoja baada ya mwingine. Lakini waulize mwaka, nao watanyamaza. Wanahistoria hukadiria kila kizazi kuwa miaka 27 hivi. Wakikosea miaka mitatu tu kwa kizazi, baada ya vizazi kumi kosa limefika miaka 30.

Ndipo jua likaitwa kutoa ushahidi. Ng'ambo ya mto Kagera, masimulizi ya Nkore na Bunyoro yanaeleza kwamba jeshi la Bunyoro lilifika Biharwe, karibu na Mbarara, likirudi vitani na ng'ombe wa ngawira. Mchana ukageuka usiku, askari wakakimbia, ng'ombe wakabaki. Hesabu za falaki zikaonesha tarehe 17 Aprili 1520. Na kwa kuwa watawala wa Nkore, Karagwe na Ihangiro hunasibishwa na Ruhinda, na wale wa Kiziba na Wabito wa Bunyoro, tarehe hiyo inagusa orodha zetu pia.

Hapa pana haja ya uangalifu. Tarehe hiyo ni ya kalenda ya zamani ya Kirumi, iliyorekebishwa mwaka 1582 kwa kuondolewa siku kumi. Kwa kalenda ya leo ni 27 Aprili, na kwa Hijria ni mwishoni mwa Rabiul Akhir 926. Siku ni moja, majina matatu. Asiyetaja kalenda yake humpotosha mwenzake.

Tulinganishe na Madina. Mwaka wa 10 Hijria alifariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), na jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Mtume akawakataza: jua na mwezi ni ishara za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu. Katika karne ya 19 mwanafalaki wa Misri, Mahmud Pasha al-Falaki, akaihesabu siku ile: 27 Januari 632, mwishoni mwa Shawwal.

Tofauti ni nini? Madina tunao mji, mashahidi na mwaka. Hesabu imekuja kuthibitisha. Biharwe tunao mahali, lakini mwaka wenyewe unatafutwa, na jua limepatwa mara nyingi katika karne zile. Ndiyo maana wanahistoria wamejadiliana. Basi 1520 ni rai yenye nguvu, si yakini.

Wanazuoni wa Hadithi walitufunza kuuliza: nani kasema, kapokea kwa nani? Enyi vijana wa Bukoba na Muleba, kaeni na wazee wenu. Andikeni jina la Omukama, mahali pa ikulu yake, ishara iliyoonekana zama zake, na aliyeisimulia. Falaki huhesabu mwendo wa jua bila kuchoka, lakini haiwezi kumhoji mzee aliyekwisha kuzikwa.

Wallahu aalam.