Betri Kubwa Haitapasha Mikono

Kipupwe kikiingia, mafundi umeme wa pikipiki wa Njombe, Makete na Mafinga huanza kuulizwa swali lile lile, na wenzao wa Limuru, Molo na Nyahururu huulizwa vivyo hivyo ifikapo Julai. Mtu ameagiza gripu za joto mtandaoni, au katumiwa na ndugu aliye Ulaya. Anazitoa kwenye boksi, ananyoosha waya mezani, kisha anasema: "Fundi, niweke betri ya Ah ngapi ili izibebe?"

Hakuna. Betri ya Ah (ampea-saa) yoyote haitazibeba, na fundi anayejibu upesi upesi "weka ya 9" ameuza betri tu, tatizo kaliacha palepale.

Haja yenyewe ni ya kweli, wala asiwepo wa kumcheka dereva anayetaka joto mikononi. Uwanda wa Kitulo uko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na kule Makete kuna asubuhi za Juni na Julai ambazo majani huamka yameganda. Hewa ikiwa nyuzi 5 na pikipiki inakwenda kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba hewa ni nyuzi 2 chini ya sifuri. Vidole hufa ganzi. Kidole chenye ganzi huchelewa kufika kwenye breki, na kwa mwendo huo nusu sekunde ya kuchelewa ni zaidi ya mita nane za barabara.

Gripu zinafanya kazi, hilo lisibishaniwe. BMW na Honda huziuza kama nyongeza ya kiwandani kwa pikipiki zao kubwa, na kampuni kama Oxford ya Uingereza na Koso ya Taiwan huuza seti za kufunga kwenye pikipiki karibu yoyote yenye usukani wa milimita 22. Ndani ya raba mna waya au utando mwembamba wenye ukinzani. Umeme ukipita, unapata joto. Mengine yote ni mapambo ya swichi. Seti ya kawaida ikifunguliwa mpaka mwisho hula ampea 3 hadi 4, yaani wati 36 hadi karibu 50 kwa volti 12. Pikipiki kubwa ya safari za mbali, ambayo mtambo wake wa chaji hutoa wati mia kadhaa, haitausikia mzigo huo. Bodaboda ya cc 125 itausikia sana: ni sawa na kuifungia taa kubwa ya pili na kuiacha inawaka kutoka nyumbani hadi mwisho wa safari.

Sasa tuje kwenye betri kubwa.

Betri haizalishi umeme. Inautunza umeme uliotengenezwa na koili ya chaji, ile iliyomo ubavuni mwa injini, ambayo magneti huizunguka kila injini inapozunguka. Kiasi ambacho koili hiyo inaweza kutoa kiliamuliwa kiwandani, kwa ukubwa wa magneti, unene wa shaba na idadi ya mizunguko yake. Betri ya Ah 5 ikitolewa na ya Ah 9 ikawekwa mahali pake, koili haina habari. Inaendelea kutoa kile kile ilichotoa jana. Kila mwenye sola nyumbani analijua jambo hili tayari: paneli ya wati 50 iliyounganishwa na betri ya N200 hubaki paneli ya wati 50, na mtu akiongeza friji juu yake, taa zitazimika tu, tofauti ikiwa ni usiku gani. Cha ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akipanda pikipiki anasahau.

Tupige hesabu, maana bila hesabu mabishano haya hayaishi. Chukua pikipiki ambayo koili yake hutoa wati 90 kwenye resi ya safari. Taa ya mbele inakula 35. Taa ya nyuma, dashi, moto wa plagi na vidude vingine, tuseme 25. Jumla 60, na zinabaki 30 za kuijaza betri. Hivyo ndivyo ilivyotoka kiwandani, na hivyo iko salama. Lakini bodaboda ya milimani haibaki kama ilivyotoka kiwandani. Ina spoti mbili za LED za kukatia ukungu, wati 20. Ina chaja ya simu, wati 10. Hapo umeme umekwisha, na redio hatujaigusa.

Juu ya yote hayo dereva anawasha gripu za wati 36.

Koili haina cha kuongeza, kwa hiyo wati zote 36 zinatoka kwenye betri: ampea 3. Betri ya Ah 5 kwa hesabu ya karatasini itadumu saa moja na dakika 40. Dereva aliyeondoka saa kumi na moja alfajiri atakuwa amekwisha kabla ya saa moja. Betri ya Ah 9 itamfikisha saa mbili. Hiyo ndiyo faida yote aliyoinunua: aibu imesogea kwa saa moja na dakika 20. Na hesabu hii ni ya huruma. Betri ya asidi hutoa pungufu kwenye baridi, na karibu na nyuzi sifuri huenda ikabaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake. Wati 90 nazo ni za resi ya safari. Injini ikisaga polepole mteja akitafuta chenji, koili hutoa pungufu zaidi, na gripu haziulizi.

Imani hii ingekuwa imekufa zamani kama isingekuwa na ushahidi wa uongo unaoilinda. Betri mpya hutoka dukani imejaa. Asubuhi ya kwanza mikono inapata joto, pikipiki inawaka kwa kubonyeza, na dereva anarudi kijiweni kuwatangazia wenzake kwamba fundi fulani ni bingwa. Ya pili, pengine ya tatu, bado mambo mazuri. Siku stata inapogoma, lawama inabebeshwa betri: ni feki, ya Kichina, muuzaji tapeli. Anapendekezewa nini? Betri kubwa zaidi. Wapo waliofikia kufunga betri nje ya kisanduku chake kwa mpira wa tyubu, waya mwekundu ukisuguana na fremu kila shimo la barabara. Moto wa pikipiki huanza kirahisi hivyo.

Atakuja mtu aseme kwamba mchana, gripu na spoti zikiwa zimezimwa, betri itajaa tena. Itaanza kujaa. Lakini kazi ya bodaboda ni safari fupi fupi na kungoja kijiweni injini imezimwa. Kila kuwasha kunachota, na koili haipati muda mrefu wa kurudisha. Kadiri betri ilivyo kubwa, ndivyo inavyohitaji muda mrefu zaidi kujaa. Betri ya risasi na asidi inayoishi nusu-chaji siku baada ya siku hujengeka chembe ngumu za salfeti kwenye sahani zake, na uwezo unaopotea hivyo haurudi. Ndiyo maana betri ile ya 9 iliyonunuliwa Juni hufanya kazi kama ya 4 ifikapo Agosti. Imekufa kwa njaa, na mnunuzi anaapa kwamba aliuziwa mbovu.

Ndugu wa imani hii ni ile ya fyuzi. Gripu zimefungwa, fyuzi inakatika, basi inawekwa ya ampea 20, au ile ya zamani inavishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Anayefanya hivyo hastahili maelezo marefu: ameondoa kitu pekee kilichokuwa tayari kuungua badala ya pikipiki.

Swali sahihi, ambalo karibu hakuna anayeliuliza, ni hili: koili yangu inabakiza kiasi gani? Kipimo chake ni cha dakika tano na kinahitaji testa ya kawaida tu. Pikipiki ikiwa imepumzika, betri nzima husoma volti 12.6 hadi 12.8. Injini ikiwaka kwenye resi ya safari, kwenye nguzo za betri isomeke kati ya 13.5 na 14.5. Halafu washa kila kitu kinachowashwa alfajiri, taa, spoti, simu, na gripu zenyewe zikiwa zimeunganishwa kwa muda, kisha shikilia resi ile ile. Volti zikitulia juu ya 13.2 au hapo karibu, safari njema. Zikiteremka kuelekea 12 na kuendelea kuteremka, betri inanyonywa, na ukubwa wake hauna maana yoyote.

Zikiteremka, yapo ya kufanya, na la kwanza halina waya hata mmoja. Gripu hupasha kiganja, ilhali upepo hupiga mgongo wa mkono. Ndiyo maana wapo wanaolalamika kwamba wanaungua ndani na kuganda nje. Vifuniko vya mikono vinavyovishwa usukani, hata vya kushonwa kwa turubai, huuzuia upepo huo, na kwa wengi humaliza shida yote. Viwe vigumu kiasi kwamba upepo hauvibonyezi kwenye mkono wa breki. Kifua nacho kifunikwe vizuri, maana mwili unaopoa katikati hubana damu isiende vidoleni. Gazeti chini ya jaketi linasaidia kweli, na waendesha baiskeli wa Tour de France walikuwa wakilivaa kabla ya kuteremka milima. Baada ya hapo gripu zinaweza kutumika katika kiwango cha chini. Seti za Oxford, kwa mfano, zina ngazi ya asilimia 30. Seti ya wati 36 katika ngazi hiyo hula kama wati 11 tu, na ndani ya vifuniko joto hilo linatosha. Spoti zizimwe kukipambazuka.

Taa ya mbele ya LED ya wati 15 badala ya ile ya 35 huokoa wati 20, lakini hilo ni kwa pikipiki tu ambayo taa yake inakula kutoka kwenye betri. Katika nyingi za zamani taa huchota moja kwa moja kutoka kwenye koili, na dalili yake ni mwanga kupanda na kushuka pamoja na resi. Huko kilichookolewa hakifiki kwenye betri, na LED yenyewe itacheza-cheza. Fundi apime kwanza. Kusuka koili upya kunawezekana pia, lakini kwa msukaji anayejua kazi na kwa regyuleta inayoweza kuhimili. La sivyo kitaungua kimoja baada ya kingine.

Kufunga kwenyewe si kazi ya kutisha. Gripu mbili hazifanani: ya kushoto hukaa juu ya chuma kitupu kinachonyonya joto, ya kulia hukaa juu ya bomba la plastiki la mafuta, na watengenezaji wengi huzipa nguvu tofauti kwa sababu hiyo, kwa hiyo alama za L na R zisomwe. Zivalishwe kavu kwanza, kabla ya gundi, maana gundi ya haraka haitoi nafasi ya pili. Umeme utoke kwenye betri kupitia fyuzi iliyo karibu na nguzo chanya, ya ukubwa ulioandikwa kwenye karatasi ya seti, kisha upite kwenye rilei inayoamshwa na swichi ya funguo. Kuunganisha moja kwa moja bila rilei ni kujitafutia asubuhi ya kusukuma pikipiki: zikisahauliwa zinawaka, betri ya Ah 5 haimalizi hata saa mbili. Zisidandie waya wa taa kubwa, ambao haukupangiwa mzigo huo.

Mwisho ni waya wa kulia, ule unaozunguka pamoja na mafuta. Uachiwe kitanzi cha kutosha, utokee upande ambao haugusi mkono wa breki, na usukani ukatwe kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho huku mafuta yakivutwa na kuachiwa. Yasiporudi yenyewe upesi katika kila pembe, pikipiki hiyo isitoke karakana.