Mfinyanzi Hulia Gaeni: Udongo, Moto na Maneno

Mwalimu akiuliza maana ya methali "Mfinyanzi hulia gaeni", majibu huwa ya aina mbili. Wako wanafunzi wanaosema mfinyanzi anatoa machozi, kwa kuwa wamelichukua neno hulia kuwa ni la kilio. Wengine wanatambua kwamba kitenzi ni -la katika kauli ya kutendea: mfinyanzi hula chakula chake katika gae, yaani kipande cha chungu kilichovunjika, huku vyungu vizima akiwauzia watu. Jibu la pili ndilo sahihi. Hata hivyo, ni wachache wanaojua gae hilo lina kazi gani nyingine kwa mfinyanzi. Makala haya yanaeleza ufinyanzi wa mkono hatua kwa hatua, ili methali zake zieleweke vizuri darasani.

Tuanzie Nchelenge, kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Mweru, Zambia. Kibemba, lugha kuu ya mawasiliano huko, huita kazi ya kufinyanga ukubumba, chungu cha kupikia inongo, na mtungi mkubwa umutondo. Linganisha maneno haya ya Kibemba na ya Kiswahili: abantu na watu, babili na wawili, ubushiku na usiku. Penye b ya Kibemba, Kiswahili kina w, na mbele ya u sauti hiyo imetoweka kabisa. Kwa kanuni hiyo, bumba ni umba. Wabemba humwita Mungu Kabumba, nasi twasema Muumba. Kiswahili kimeikabidhi kazi ya udongo kwa kitenzi kufinyanga, lakini mzizi wa kuumba ulitoka mikononi mwa mfinyanzi.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, ambayo kwa jadi kaskazini mwa Zambia ni ya wanawake. Udongo wa mfinyanzi huchimbwa, hutolewa mawe na mizizi, hulowekwa, kisha hukandwa hadi hewa itoke. Udongo mtupu husinyaa sana unapokauka, ukapasuka. Kwa hiyo wafinyanzi wengi huuchanganya na mchanga au na magae yaliyopondwa. Gae limekwisha kupita motoni, halisinyai tena. Kumbe chungu kilichovunjika hurudi ndani ya chungu kipya.

Bila gurudumu, mfinyanzi hupandisha ukuta kwa kamba nene za udongo, akizibana na kuzilainisha. Ukuta ukikauka kabla ya kamba inayofuata, kiungo hakishiki, na hapo ndipo chungu kitakapoachana. Hii ndiyo maana ya awali ya "Udongo uwahi ungali maji", kabla haijawa nasaha ya malezi. Lakini haraka nayo ina mpaka: sehemu ya chini isipoachwa ikakamae kidogo, huelemewa na uzito wa juu.

Chungu huanikwa kivulini kwa siku kadhaa. Kikiingia motoni na unyevu, maji hugeuka mvuke ifikapo nyuzi 100 za Selsiasi, na mvuke ukikosa njia hukipasua. Ndiyo maana vyungu hupashwa moto taratibu kabla ya kufunikwa kwa kuni na nyasi. Kati ya nyuzi 450 na 600 hivi, maji yaliyofungwa ndani ya chembe za udongo nayo hutoka, na tangu hapo udongo hauwezi kurudi kuwa tope. Moto wa uwanjani kwa kawaida hufika nyuzi 600 hadi 900. Penye hewa ya kutosha, chuma kilichomo katika udongo hukipa chungu wekundu. Moshi ukifungiwa, chungu huwa cheusi.

Leo sufuria na ndoo za plastiki zimechukua nafasi ya vyungu katika nyumba nyingi. Mwanafunzi ambaye hajapata kushika udongo hubaki na methali za kukariri tu. Kwa walimu walio karibu na Mweru, nafasi ni kubwa zaidi. Kiswahili husemwa ng'ambo ya ziwa, huko Katanga, na tangu 2018 kimo pia katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilayani Nchelenge. Mwalimu aandike bumba na umba ubaoni, awape wanafunzi udongo mbichi, na kando yake aweke gae moja. Kisha aulize upya: mfinyanzi hulia wapi, na kwa nini halitupi gae lake?