Mzazi Aingie Mchezoni

Mwaka 2012 utafiti wa taifa la Tanzania juu ya maradhi yasiyoambukiza, uliowapima watu wazima wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulidhihirisha kwamba mtu 1 katika kila 4 alikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu mtu 1 katika kila 11 alikuwa na kisukari; na miaka 4 baadaye, Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, ambaye zama hizo alikuwa Makamu wa Rais, akaagiza kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kwa watu wote. Agizo hilo lilikuwa la heri. Walakini lipo kundi kubwa la raia ambao wito huo huwafikia masikioni usiwafikie miguuni, nalo ni kundi la wazazi wenye watoto wadogo.

Tuwatazame wazazi wa Nzuguni. Kata hii, iliyo mashariki ya jiji la Dodoma kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, ilijulikana zamani kwa mashamba na kwa viwanja vya maonyesho ya Nanenane. Leo ina stendi kuu ya mabasi na Soko Kuu la Job Ndugai, na tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, makonde yaliyokuwa wazi yamekatwa viwanja, viwanja vimeota nyumba, na nyumba zimezungushiwa kuta. Mama au baba hutoka alfajiri, hupanda daladala au bodaboda, hukaa kitini ofisini au gengeni mpaka jioni, kisha hurejea kwa mtoto aliyemngoja mchana kutwa. Ukimwambia mtu huyo atafute saa nzima ya kwenda kukimbia, atakuuliza, na ni haki yake kuuliza, mtoto amwachie nani. Asimwache: acheze naye, maana mchezo wa mzazi na mtoto ni mazoezi yanayotimiza masharti ya sayansi, mradi mzazi acheze kwa viungo vyake na si kwa macho tu.

Masharti yenyewe ni mepesi kuliko wengi wadhanivyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate kwa juma dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani, au dakika 75 hadi 150 za shughuli nzito, na fauka ya hayo aitie misuli yake kazi ya nguvu siku 2 au zaidi. Mwongozo uliotangulia ulihesabu tu vipindi vilivyofika dakika 10 mfululizo. Mwongozo huu umeliondoa sharti hilo. Kwa mzazi ambaye mchezo wake hukatizwa na uji ulio jikoni, na kilio cha mdogo, na mgeni abishaye hodi, badiliko hilo ni rehema kubwa, kwa kuwa sasa haba na haba yake inajaza kibaba.

Wanasayansi huipima shughuli kwa kulinganisha nguvu itumiwayo na ile ya mtu aliyekaa kimya: ikifika mara 3 huitwa ya wastani, na ikifika mara 6 huitwa nzito. Katika orodha ya vipimo ambayo Barbara Ainsworth na wenzake wa Marekani waliitoa mara ya kwanza mwaka 1993 na kuisahihisha baadaye, kutembea na kukimbia pamoja na watoto kwa kiasi hupita mara 3, kukimbizana nao kwa bidii hukaribia mara 6, na kuruka kamba hupita mara 8. Asiye na kifaa apime kwa pumzi zake: akiweza kuzungumza lakini asiweze kuimba, yu katika kiwango cha wastani, na asipoweza kutamka ila maneno machache kabla ya kuvuta pumzi, amefika katika shughuli nzito.

Tena mtoto ana mwendo wake wa kucheza, nao humfaa mzazi asiye na nafasi. Watafiti waliowachunguza watoto wa miaka 6 hadi 10 nchini Marekani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1995, waliona kwamba harakati zao kali aghalabu hudumu sekunde 3 tu, kisha hupoa, kisha huwaka tena. Mzazi anayeandamana na mwendo huo hukusanya vishindo vifupi vya nguvu bila kukusudia. Na mwaka 2022 Emmanuel Stamatakis wa Chuo Kikuu cha Sydney na wenzake, walipochunguza habari za Waingereza zaidi ya 25,000 wasiofanya mazoezi ya ratiba, walikuta kwamba waliopata vishindo 3 kwa siku, kila kimoja cha dakika 1 au 2, hatari yao ya kufa katika miaka iliyofuata ilikuwa pungufu kwa asilimia 38 hadi 40 kuliko ya wasiopata hata kimoja. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba harakati peke yake ndiyo sababu, ila unaafikiana na yale tuyajuayo juu ya mwili: msuli unaojikunja huingiza sukari kutoka damuni hata pale insulini inapokuwa dhaifu, moyo uliozoea kazi husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na mifupa hupata uimara kwa kubeba uzito, ilhali uzito wenyewe, yaani mtoto, huongezeka mwezi kwa mwezi.

Mtoto naye hupata fungu lake. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilishauri kwamba mwenye umri wa mwaka 1 hadi 4 apate dakika 180 za kujongea kila siku, na aliyetimiza miaka 3, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kumtoa jasho. Lilishauri pia kwamba kukaa mbele ya skrini kusizidi saa 1 kwa mtoto wa miaka 2 hadi 4. Huko Southampton, Uingereza, akina mama 554 na watoto wao wa miaka 4 walipofungwa vipimo vya mwendo, ilionekana mwaka 2014 kwamba mama mchangamfu alikuwa na mtoto mchangamfu. Nasi tunayo Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa papa hapa Dodoma Desemba 2021, ambayo haiwezi kutimia mzazi akiwa mtazamaji.

Basi na tucheze nini? Kwa mchanga asiyetembea, mzazi ashuke mkekani, alale kifudifudi mkabala naye, kisha ainuke akiwa amempakata, ashuke tena, ainuke tena, na mapaja yake yatatambua kwamba yamefanya kazi. Wa miaka 2 au 3 hutosheka kwa kukimbizana na kwa kuzunguka ukuti ukuti mkono kwa mkono. Wa miaka 5 na kuendelea yu tayari kwa kombolela, kwa kamba, na kwa rede, ambayo wawili hurusha mpira na wa katikati huukwepa kwa kuinama, kuruka na kukimbia. Na nafasi ya katikati ndiyo impasayo mzazi, maana ndiyo yenye jasho. Wala Ugogo haukosi hazina yake: ngoma za Wagogo ambamo wanawake hupiga ngoma iitwayo muheme na wachezaji wakaruka ni kazi ya mwili mzima, na amfundishaye mwanawe hatua zake uani humpa urithi na siha kwa wakati mmoja.

Wapo waonao haya, wakadhani kwamba baba arukaye kamba amejivunjia taadhima. Waislamu wanayo riwaya mashuhuri kwamba Mtume Muhammad alimbeba mjukuu wake Umama hata ndani ya swala. Na jambo lisilopunguza heshima ya swala haliwezi kupunguza heshima ya ua wa nyumba.

Hadhari ni chache, nazo ni za lazima. Jua la Dodoma ni kali, basi mchezo uwe asubuhi mapema au likishapungua ukali, na maji ya kunywa yawe karibu. Mtoto mdogo asivutwe wala kuning'inizwa kwa mkono mmoja, kwani kiwiko chake huteguka upesi. Na mchanga asitikiswe kamwe, maana ubongo wake huweza kudhurika. Aliyejifungua karibuni, hasa kwa upasuaji, na mwenye shinikizo la juu la damu au maumivu ya kifua, apate kwanza shauri la mganga.

Wanaopima viwanja vya Nzuguni wana wajibu wa kuhifadhi maeneo ya wazi yasimezwe na kuta, na vikundi vya mazoezi vingefanya wema kuwatengea nafasi wanaokuja na watoto. Lakini mzazi asingoje hayo. Dakika 25 za mchezo wa kumtoa jasho, jioni 6 kwa juma, ni dakika 150 kamili, na hesabu hiyo haimdai ada, wala viatu maalumu, wala mtu wa kumwachia mtoto.