"Nani Kakutuma?": Illinois, Mlungula na Kura Zilizohama

Lipo swali moja ambalo wenyeji wa Chicago wamerithishana kwa miaka mingi, na ambalo kwa maoni yangu linaeleza siasa za jimbo la Illinois vyema kuliko vitabu vingi vya wataalamu. Mnamo 1948 mwanafunzi mmoja wa sheria, Abner Mikva, ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge na jaji wa rufaa, aliingia katika ofisi ya chama cha Democratic mtaani mwake akitaka kujitolea kuwapigia wagombea kampeni. Akaulizwa: nani kakutuma? Alipojibu kwamba hakutumwa na mtu, aliambiwa kuwa pale hawamtaki mtu ambaye hakutumwa na mtu. Mikva aliendelea kukisimulia kisa hicho hadi uzeeni.

Mimi ni mtu wa isimu, na msomaji atanivumilia nikitua hapo kidogo. Kitenzi "tuma" hakikamiliki bila pande mbili, yule anayetuma na yule anayetumwa. Huyo wa pili, lugha yetu imempa jina la mtumwa, na kila Mswahili anajua uzito wa neno hilo. Chama cha siasa kinachodai kwamba kila aingiaye awe ametumwa, hakitafuti wafuasi wala wanachama.

Sisi Wakenya tuna sababu yetu ya kulitazama jimbo hilo. Tarehe 6 Novemba 2008 nchi nzima ilipumzika kazi kusherehekea ushindi wa Barack Obama, seneta wa Illinois ambaye baba yake alikuwa mzaliwa wa Nyanza. Siku zizo hizo, makachero wa FBI walikuwa wakinasa simu za gavana wa jimbo hilo, Rod Blagojevich. Sheria ilimpa gavana mamlaka ya kumteua mtu wa kukikalia kiti cha useneta alichokiacha Obama, na katika kanda hizo Blagojevich anasikika akikifananisha kiti hicho na dhahabu, kitu ambacho hakingetolewa bure. Alikamatwa tarehe 9 Desemba. Mwezi uliofuata akang'olewa madarakani, na mnamo 2011 akahukumiwa kifungo cha miaka 14. Obama mwenyewe hakushtakiwa wala kushukiwa kwa lolote, lakini huo ndio uwanja aliokulia kisiasa.

Wala Blagojevich hakuwa wa kwanza. Kati ya magavana 8 walioongoza Illinois tangu 1961 hadi 2009, wanne waliishia gerezani. Otto Kerner, mtu aliyeheshimika nchi nzima kwa kuongoza tume iliyochunguza ghasia za kibaguzi za 1967, alitiwa hatiani 1973 kwa kupokea hisa za viwanja vya mbio za farasi kwa bei ya kutupa. Kilichomfichua ni kichekesho: mwenye viwanja alikuwa ameziorodhesha hisa hizo katika hesabu zake za kodi kama gharama ya kawaida ya kufanya biashara Illinois! Dan Walker alifungwa 1987, ingawa kwa makosa ya benki aliyoyatenda baada ya kuondoka ofisini. Na Paul Powell, waziri wa jimbo aliyefariki 1970, hakuwahi kulipwa mshahara uliofika dola 30,000 kwa mwaka, lakini katika chumba chake cha hoteli mjini Springfield zilipatikana taslimu zipatazo dola 800,000, nyingine zikiwa zimetiwa katika maboksi ya viatu.

Hayo ya viatu watu huyacheka. Ya George Ryan hayachekeshi hata kidogo. Ryan, wa chama cha Republican, alikuwa waziri wa jimbo tangu 1991 hadi 1999, na ofisi hiyo ndiyo inayotoa leseni za udereva. Wafanyakazi wake waliwauzia madereva wa malori leseni kwa mlungula, na sehemu ya fedha hizo ikaingia katika mfuko wa kampeni yake. Novemba 1994, karibu na mji wa Milwaukee katika jimbo jirani la Wisconsin, kipande cha chuma kilidondoka kutoka kwa lori moja na kupasua tangi la mafuta la gari la familia iliyokuwa nyuma. Watoto 6 wa wazazi wamoja waliangamia. Ilibainika kwamba dereva wa lori alikuwa amepata leseni yake kwa njia hiyo ya magendo. Walakini Ryan alichaguliwa kuwa gavana 1998. Ni kweli kwamba mtu huyo huyo ndiye aliyewaondolea hukumu ya kifo wafungwa wote wa Illinois waliokuwa wakingoja kunyongwa, mnamo Januari 2003, kitendo ambacho wengi duniani walikisifu, nami ni mmoja wao. Miaka mitatu baadaye alitiwa hatiani, na akafungwa miaka sita na nusu. Alifariki Mei 2025.

Aliyewafikisha mahakamani Ryan na Blagojevich alikuwa Patrick Fitzgerald, mwendesha mashtaka aliyeletwa kutoka New York mwaka 2001. Aliyempendekeza ni seneta wa Republican, Peter Fitzgerald, ambaye si jamaa yake, na alimpendekeza kwa sababu moja tu: hakuwa na deni kwa mwanasiasa yeyote wa Chicago. Kwa maneno mengine, alikuwa mtu ambaye hakutumwa. Wakubwa wa chama cha seneta huyo hawakufurahi. Mwaka 2003 alitangaza kwamba hatatetea kiti chake, na kiti hicho kilichoachwa wazi ndicho Obama alichokitwaa 2004.

Hadi hapa msomaji huenda akauliza: wapiga kura walikuwa wapi? Walikuwapo, na mara kadhaa walikasirika. Lakini kisa cha 1980 kinaonyesha jinsi hasira inavyoweza kumfaidi yule yule aliyelengwa. Wakati huo kila eneo bunge la Illinois lilikuwa na wabunge watatu, na mpiga kura aliweza kugawa kura zake tatu apendavyo, hata kumlimbikizia mgombea mmoja zote. Kwa utaratibu huo kila chama kilipata mbunge karibu katika kila eneo, wa Republican akatoka katikati ya Chicago, na wa Democratic akatoka mashambani. Wabunge walipojiongezea mishahara 1978, wananchi walighadhibika. Wakiongozwa na mwanaharakati Pat Quinn, wakapiga kura 1980 kupunguza viti vya bunge kutoka 177 hadi 118, kila eneo libaki na mbunge mmoja. Ilionekana kuwa adhabu tamu. Matokeo yake ni kwamba wale wabunge wakaidi, waliokuwa wachache ndani ya maeneo yao na hawakumwogopa kiongozi yeyote, walitoweka, na aliyechora mipaka ya maeneo akawa ndiye mwenye bunge.

Na mchoraji alipatikanaje? Vyama vilipokosa kuafikiana, katiba ya jimbo iliagiza kura ipigwe ya bahati, na mnamo 1981 jina lilichomolewa kutoka kwenye kofia ndefu ya mtindo wa Abraham Lincoln. Likatoka la Democratic. Mwaka 1991 likatoka la Republican, na 2001 likarudi Democratic. Kati ya bahati hizo aliinuka Michael Madigan wa Chicago, aliyekuwa spika tangu 1983 hadi 2021, isipokuwa miaka miwili tu, 1995 hadi 1997, wakati ramani ya Republican ilipozaa matunda. Hakuna spika wa bunge lolote la jimbo Marekani aliyekaa muda kama huo. Mtaani kwake taka zilizolewa, theluji ikaondolewa, mti ulioanguka ukakatwa siku hiyo hiyo, na vijana wenye kadi yake walipata kazi. Watu wake walimpigia kura bila kuchoka, na sioni haki ya kuwaita wajinga.

Mnamo 2020 kampuni ya umeme ya Commonwealth Edison ilikubali kulipa faini ya dola milioni 200, ikakiri kwamba kwa miaka mingi iliwapa washirika wa Madigan kazi na kandarasi, baadhi yao bila kufanya kazi yoyote ya maana, huku ikitafuta sheria za kuifaa. Februari 2025 Madigan alitiwa hatiani kwa mashtaka 10 kati ya 23, na Juni akahukumiwa kifungo cha miaka saba na nusu pamoja na faini ya dola milioni 2.5.

Wakati hayo yakiendelea, kura zenyewe zilikuwa zikihama. Tangu 1968 hadi 1988 Illinois ilimpigia mgombea urais wa Republican mara sita mfululizo; tangu 1992 haijamchagua hata mmoja. Kaunti ya DuPage, magharibi ya Chicago, ilikuwa ngome ya Republican ambayo baba alimwachia mwana. Mwaka 2008 ilimchagua Obama, na haijarudi nyuma katika uchaguzi wa urais. Wakazi wake wamebadilika: wamesoma zaidi, wametoka katika jamii nyingi zaidi, na chama cha Republican cha leo hawakitambui. Kusini kabisa, katika nchi ya makaa ya mawe, mambo yalikwenda kinyume. Wachimba migodi na vyama vyao vya wafanyakazi waliipa Democratic kura kwa vizazi. Kisha sheria ya hewa safi ya 1990 ikayapiga vita makaa yao yenye salfa nyingi, migodi ikafungwa, na waliobaki wakahama chama. Kati ya kaunti 102, kwa hesabu ya ramani nyingi ni nyekundu. Lakini Cook peke yake ina watu wapatao 4 kati ya kila 10 jimboni.

Ufisadi haukuwa sababu kuu ya uhamaji huo, na hilo ndilo linalonisumbua. Ulikuwa na nguvu pale tu wapiga kura walipokuwa bado hawajaamua wao ni nani. Kashfa ya Ryan ilisaidia kukiondolea chama cha Republican ugavana kilioushika miaka 26, ingawa aliyeingia 2002 akiahidi usafi alikuwa ni Blagojevich! Novemba 2020 wananchi walilikataa pendekezo la kodi mpya, kwa sehemu kwa kuwa hawakutaka kuwaamini watu wa Madigan na fedha zaidi, na wakamnyima jaji mmoja wa mahakama kuu ya jimbo, Thomas Kilbride, asilimia 60 ya kura alizohitaji ili abaki, baada ya kampeni iliyomhusisha na spika. Hakuna jaji wa mahakama hiyo aliyewahi kushindwa hivyo kabla yake. Miezi miwili baadaye wabunge wa Madigan mwenyewe walimwacha. Lakini katika uchaguzi huo huo maeneo bunge mengi hayakuwa na mashindano ya kutajika, maana matokeo yalijulikana tangu mipaka ilipochorwa.

Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliongeza fumbo la lugha. Meya wa Portage, katika jimbo la Indiana, alikuwa amepokea dola 13,000 kutoka kwa kampuni ya malori baada ya mji wake kununua malori hayo. Majaji 6 dhidi ya 3 walisema kwamba sheria hiyo ya serikali kuu hukataza hongo inayoafikiwa kabla ya tendo, haikatazi bahashishi ya baadaye. Watanzania waliwahi kuiita "takrima", hadi Mahakama Kuu yao ilipoifuta mwaka 2006. Kwa uamuzi huo wa 2024, mawakili wa Illinois walikimbilia mahakamani kuomba mashtaka ya wateja wao yapunguzwe, na baadhi yalifutwa.

Kusini mwa Illinois watu wamechoka na Chicago. Tangu 2020 zaidi ya kaunti 30 zimepiga kura, isiyo na nguvu ya kisheria, kutaka kujitenga nayo, na ufisadi wa jiji hilo ni mojawapo ya hoja zinazosikika huko. Kaunti hizo ndizo zinazompa Donald Trump kura nyingi zaidi. Trump alimpunguzia Blagojevich kifungo mwaka 2020, na wabunge wa Republican wa Illinois wakalalamika hadharani. Tarehe 10 Februari 2025 alimsamehe kabisa, na safari hii kelele zilikuwa chache. Siku mbili baadaye, mahakama ya Chicago ikamtia Madigan hatiani.